Ndege Walionyamaza Mukononi mwa Dorika

Dorika alifika Shari, mutaa wetu hapa Bunia, na sufuria mbili, godoro moja, na mikono yake ndani ya kitenge. Nilimuona pa bomba ya maji, asubui, tukiwa mu mustari na mabidoni yetu ya manjano. Alikuwa amezeeka vibaya, sawa mimi, lakini mabega yake yalikuwa yale yale, mabega ya mutu anayengojea kupigwa kwa nyuma. Nikamuita jina. Akageuka polepole. "Albertine," akasema, "ungali hai?" Nikasema, "Niko." Akasema, "Aya." Basi. Miaka zaidi ya makumi ine, na ile ndiyo salamu tuliyopeana. Watu wangefikiri tutashikana shingo tulie. Mimi sikusikia kitu. Nilijaza mabidoni yangu mbili, nikarudi nyumbani, nikatia maharagi pa moto, nikakaa kuyaangalia mpaka yakaungua, na hata harufu ya kuungua sikuipata. Ni jirani aliyenipigia kelele juu ya lupango, ule ua kati yetu.

Alikuwa ametoka upande wa Djugu, kule kwenye vita, yeye na muke wa mutoto wake, anaitwa Riziki, na mutoto muchanga wa wiki tatu. Baba ya mutoto hawakumutaja, na mimi sikuuliza. Siku hizi kwetu, mutu akikosa kutajwa unaelewa. Walipewa fasi ya kukaa mu parseli, kiwanja cha nyuma yangu, nyumba ya shitingi, turubai ya misaada, iliyoegemea ukuta wangu, kwa hiyo mambo yao yote nilikuwa naona na kusikia, nitake nisitake. Nikaona Riziki anachota maji na mutoto mugongoni, anapasua kuni na mutoto mugongoni, anasonga ugali na mutoto mugongoni, na pembeni yake koko, nyanya ya mutoto, amekaa pa kiti, mikono imefungwa. Kwetu hiyo ni haya. Paja la koko ndiyo kitanda cha kwanza cha mutoto. Mimi nimelea wajukuu kumi na mmoja pa mapaja haya, na mmoja wao sasa amesoma mpaka ngazi ambayo hata jina lake siwezi kutamka vizuri, na ninamuambia kila mutu, hata asiyeniuliza. Basi siku ya tano nikamuuliza Riziki pale pa kamba ya nguo.

"Mama mukwe yako ni mugonjwa?"

"Hapana, Koko."

"Sasa anashindwa kukupokea mutoto?"

Akaangalia nyuma kwanza. "Mama hashikaki batoto. Hata bwana yangu hakumubebaka. Alikuwa anamunyonyesha amelala pa mukeka, mutoto pembeni, mikono yake nyuma. Shangazi njo alimulea."

"Juu ya nini?"

"Anasema mikono yake inazimaka kitu. Kule kwetu batu bote banajua. Mutoto akikufa kwa jirani, banakuja kumuuliza asubui ile alipita wapi." Akashusha sauti. "Juzi nilimuomba: Mama, mushike kidogo tu, nipepete muchele. Akaniambia: unataka anyamaze kama bale ndege?"

Nilikuwa nakamua shuka. Niliendelea kuikamua, na maji yalikuwa yamekwisha zamani. Ile neno ya ndege najua ilizaliwa wapi. Haikuzaliwa Djugu. Ilizaliwa hapa Bunia, mu chumba chenye madirisha yaliyopakwa rangi nyeusi, mwaka nilikuwa na miaka kumi na saba, na mimi nilikuwa mule ndani.

Sitaelezea nilitoka kwa nani. Baba na mama kila mutu iko nao. Nitaelezea nyumba. Ilikuwa nyumba ya matofali nyuma ya shule moja kubwa, na baraza ya simiti nyekundu ambayo tulikuwa tunaisugua kila siku ya posho, jumamosi, mpaka unaona meno yako ndani. Mwenye nyumba tulimuita Profesa. Alikuwa mutu mweusi sawa siye, siyo muzungu. Alikuwa amesoma ngambo miaka mingi, akarudi na masanduku ya mashini na wazo moja kichwani: kile wanachofanya kule kinaweza kufanywa Bunia. Waliomuazima mashini walimupa mwaka mumoja. Mu mwaka ule alitakiwa kuwatumia jibu la swali hili: ndege, akiona kitu kinasogea, ni nini ndani ya bongo yake inajua kwamba kimesogea, na kimesogea upande gani? Tulipoelezewa mara ya kwanza tulicheka mpaka tukainama. Mupishi wake, Papa Zakaria, akasema watu wengine wanasoma mpaka wanapita akili na kutokea upande mwingine.

Nilikuwa nimeishia mwaka wa tatu wa shule ya musingi. Dorika, mwaka wa ine. Walituchukua juu ya mikono yetu, ilikuwa imetulia. Kweli, ndiyo mutihani tuliofanya: Profesa alitupa kila mumoja njiwa ashike, akaangalia saa yake, na njiwa wa wasichana wengine wakapiga mabawa, wetu wakakaa. Ile chumba nyeusi ilikuwa na kitambaa kikubwa cha mistari, nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe, kimeshonwa kama mukanda usio na mwisho na kuvishwa pa miti mbili za kuzunguka. Miti ilikuwa imefungwa na mnyororo wa kinga, ile baisikeli, na Papa Zakaria, akimaliza vyombo, alikuwa anapanda pale na kupiga pedali, na mistari inapita, kuume, kushoto, juu, chini, jinsi Profesa anavyogeuza miti. "Kila siku nasafiri mpaka Mongbwalu," alikuwa anasema, jasho linamutoka, "na kila siku nafika hapa hapa." Mbele ya kitambaa alikaa musichana mumoja pa kibao, na njiwa mukononi, amefungwa kitambaa kama mutoto mugongoni, kichwa nje. Pa kichwa ya ndege Profesa alikuwa amebandika kofia kadogo, na mu kofia mulipita sindano nyembamba kupita unywele, inaingia ndani ya bongo. Alisema ndege hasikii maumivu mule ndani. Sijui. Sikuwa njiwa.

Sindano ilikuwa na waya, na waya ilienda ku kisanduku cha sauti. Ukisikia mara ya kwanza unafikiri ni mahindi yanapasuka mu sufuria yenye kifuniko. Kra. Kra-kra. Kisha mistari inaanza kupita toka mbele kwenda nyuma, na ghafla kra-kra-kra-kra, sufuria yote inapasuka. Profesa anapiga kelele, "Geuza!", Zakaria anapiga pedali kinyume, na kimya. Seli ile moja, kitu kidogo kuliko vumbi, ilikuwa inapenda mistari iende upande mumoja tu. Ukiipelekea upande mwingine inakunyima sauti sawa muke aliyekasirika. Anasukuma sindano kidogo, anapata seli nyingine, na hii inapenda kinyume. Nyingine inataka polepole. Nyingine inataka mbio mpaka Zakaria anamuomba Mungu. Siku nyingine Profesa alisimamisha kitambaa, akaleta kibao cheupe chenye duara nyeusi, akakisukuma kwa kamba, kije usoni mwa ndege. Seli za mistari zilinyamaza. Lakini kulikuwa na moja, tulikuwa tumeipata chini sana, ilikuwa haijasema neno asubui yote. Duara ilipokaribia, ile ikalia. Profesa akarudisha kibao nyuma: kimya. Akakipitisha pembeni: kimya. Akakileta tena usoni: ikalia.

Tulikula saa saba mu jikoni, ugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki wadogo wa ndakala, Profesa amesimama pa mulango na sahani yake juu hakuweza kukaa akiwa na neno. Ile siku alisogeza sahani ya Dorika.

"Dorika, nini imesogea?"

"Sahani yangu, Profesa. Na nilikuwa ningali nakula."

"Vizuri. Sasa simama, tembea kuja mulangoni, uangalie meza. Nini inasogea?"

Dorika akatembea. "Vyote. Meza, sufuria, Papa Zakaria."

"Lakini unajua ni weye unaenda, siyo Papa Zakaria."

"Papa Zakaria haendaki fasi."

"Aya. Ndege naye anajua, na hakai chini kufikiri. Iko na seli zinazoangalia dunia nzima ikipita, zinamuambia: ni weye unaenda, shika usawa. Iko na zingine hazijali dunia. Zinangoja kitu kimoja tu, kile kinachokuja usoni. Hazijali kama ni kikubwa ao kidogo. Zinahesabu umebakiwa na wakati gani kabla hakijakugonga."

"Na ikiwa mimi njo nakuja usoni?" Zakaria akauliza, kisu mukononi.

"Weye, Papa, njiwa wote wangeruka kabla seli haijasema."

Tulicheka. Dorika alikuwa na kicheko cha kushika mudomo. Nakumbuka kile chakula kuliko arusi yangu. Ilikuwa mara ya kwanza mutu wa kitabu kuniambia kitu na nikakielewa mpaka chini, bila kusukumwa. Watoto wangu wote saba niliwapeleka shule kwa nguvu ya ile sahani.

Sasa jinsi kazi ilivyogawanywa, na hapa ndipo jambo linakaa. Wiki moja Dorika anashika ndege mu chumba, na mimi niko nje pa kizimba, nachagua ndege, namufunga kitambaa, namuleta mulangoni. Wiki nyingine mimi nashika, yeye analeta. Yeye alikuwa analeta ndege kwa vita. Kwao walikuwa watu wa mbuzi, kuku hawakufuga, alikuwa hajui. Anafika na manyoya mu nywele, mikono imekwaruzwa, njiwa macho yamemutoka, na mimi namucheka: "Ulipigana na simba, yaya, dada yangu?" Mimi ndege zangu zilikuja zimetulia sawa mukate. Kwetu kuku hatembezwi akipiga kelele. Unamushika, unaingiza kichwa chini ya bawa, unamubembeza mara saba, juu, chini, polepole, unamuweka chini: haondoki. Unamubeba mpaka soko na hatoi neno. Kila musichana wa kwetu anajua hiyo kabla ya kujua kusonga ugali. Njiwa niliwafanyia vile vile, kila mumoja, kila asubui ya wiki yangu ya kizimba. Nilikuwa nachomoa kichwa toka chini ya bawa pale pale mulangoni, nampa Dorika. Sikuficha. Sikusema vilevile. Ilikuwa sawa kupangusa miguu mbele ya kuingia. Nani anatangaza kwamba amepangusa miguu?

Mwezi wa tatu ikaanza kuonekana. Wiki ambazo Dorika anashika, kisanduku kinanyamaza. Siyo kabisa, kra moja, kisha kitambo, kra nyingine, kama mutu anayeongea akiwa na usingizi. Hata mistari ikimbie namna gani. Hata duara ije. Wiki zangu, mahindi yanapasuka. Profesa alibadilisha waya. Alibadilisha sindano. Alituuliza maji ya ndege yanatoka kisima gani, mutama ulinunuliwa kwa nani, nani alifagia kizimba. Alituuliza kila kitu isipokuwa kile ambacho mutu aliyekua mu mji hangejua kuuliza. Mwezi wa tano akakonda. Nilimusikia mu baraza akisema peke yake kwa Kifaransa, anahesabu miezi iliyobaki.

Papa Zakaria hakuhesabu miezi. Nilikuwa nachambua sombe chini ya dirisha ya jikoni nikamusikia anaongea na muuza makaa.

"Njiwa ni yule yule. Leo mu mukono ya Albertine anasema. Kesho mu mukono ya Dorika ananyamaza. Sasa weye, muuza makaa, unataka nani akuchoree?"

"Buloji? Uchawi?"

"Mimi sikusema buloji. Nimesema mukono."

"Na mwenye mukono analalaka wapi?"

"Karibu sana na sahani yangu," Zakaria akasema.

Profesa hakuamini buloji. Aliwakemea. Lakini alikuwa mutu wa kupima, basi akapima. Siku moja asubui Dorika alishika: kimya. Profesa akasema, badilisheni. Tukabadilishana kila kitu, yeye akaenda kizimba, mimi nikakaa pa kibao. Akaleta njiwa kwa vita yake. Nikashika: kra-kra-kra-kra. Badilisheni tena: kimya. Mara sita siku ile. Mara sita ilikuwa vile vile, na Profesa akaandika mu kaye yake, ile daftari. Mutu wa kitabu hawezi kusema buloji, akasema kuna fakteri moja, ni kusema kitu fulani, pa mikono ya Dorika, pengine jasho, pengine joto. Zakaria akatafsiri ile fakteri kwa soko nzima, na soko ikaipeleka mpaka Djugu.

Mimi nilisikia nini? Nitasema kweli, nimezeeka, sina wa kumudanganya. Nilifurahi. Profesa alinisifu mbele ya wageni, akasema mikono ya Albertine ni mikono ya kazi hii. Hakuna mutu alikuwa amesifu kitu changu kabla ya hapo. Na niliamini. Niliacha kula sahani moja na Dorika. Kikombe chake nilikiweka pembeni, bila kusema, na yeye akaona, na akaanza kukichukua yeye mwenyewe toka kule pembeni, bila kusema.

Dorika alifukuzwa asubui ya siku ya kwanza ya wiki, pa baraza nyekundu. Profesa alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Nilifanya nini, Profesa?"

"Hakuna ulichofanya, Dorika. Ni kazi tu. Muda umebaki kidogo."

Dorika akanigeukia. "Albertine. Siye wawili tunashika ndege sawasawa. Weye umeniona. Sema."

Nikasema, "Mimi nitajua nini?"

Dorika akaingiza mikono ndani ya kitenge chake, mu kiuno, akaikaza, akatoka. Jirani wa pa njia walikuwa wamekwisha kusikia, wakavuta watoto wao ndani. Tangu siku ile Profesa mwenyewe alikuwa anatoa ndege pa kizimba, kwa vita kuliko Dorika, na mimi nashika, na ndege zikasema mpaka mwisho wa mwaka. Akatuma jibu lake ngambo, akapata kazi fasi nyingine, akaenda. Mimi nikaolewa. Ile sifa ya mikono niliibeba kama mutu anavyobeba jina.

Basi baada ya maneno ya Riziki pa kamba ya nguo, nilimupigia mujukuu wangu Furaha. Yeye ndiye yule wa ngazi ndefu. Yuko mbali, anafanya kazi ile ile ya Profesa, anasikiliza bongo ya ndege. Nikimuita anaonekana mu telefone na nguo nyeupe, na mimi nainua telefone juu ili majirani waone. Alikuwa amenielezea mambo mengi, kwamba kuko ndege kadogo kule Amerika kananing'inia mu hewa kakinywa maua, na mule bongo yake seli haziko kama za njiwa. Za njiwa nyingi zinapenda upande mumoja, zile za huyu kadogo zinagawana pande zote sawa, na zinataka mbio, juu yeye akisukumwa kidogo tu upande wowote anapoteza ua lake. Sikuwahi kumuelezea habari ya Dorika. Siku ile nikamuuliza moja kwa moja.

"Furaha, mukono ya mutu inaweza kuzima seli za ndege?"

"Mukono? Hapana, Koko. Kwa nini?"

Nikaelezea. Hakucheka. Akasema, "Nielezee tangu kizimba. Usiruke kitu." Nikamuambia kizimba, kitambaa, kichwa chini ya bawa, mara saba, mulango. Akaniuliza nirudie ile ya bawa. Nikarudia. Akaondoa macho pa telefone, akaangalia pembeni.

"Koko, ndege akifanyiwa vile anaganda. Macho yanaweza kuwa wazi, lakini ndani amefunga. Siye kabla ya kusikiliza tunapima kwanza kama ndege yuko macho kweli. Asipokuwa macho, seli zingine zinapunguza sauti, zingine zinakata."

"Na Dorika alikuwa hawafanyii vile."

"Ndiyo. Ulipokuwa pa kizimba ndege alifika amegandishwa, akaingia mukononi mwake. Alipokuwa yeye pa kizimba, ndege alifika macho, akaingia mukononi mwako. Profesa alipowabadilisha, alibadilisha vyote viwili pamoja, anayeshika na anayeleta. Hakuona."

"Basi mikono yake?"

"Mikono yake haina kitu, Koko. Ilikuwa ni weye."

Alisema polepole, kama anamusomea mugonjwa matokeo. Nikamuambia aende kula, anakonda. Nikafunga telefone.

Sikulia. Nilikaa siku tatu na sikulia. Nilifagia, nilienda kanisa, mimi ndiye mukubwa wa wamama wa kwaya, nilisimama mbele na mudomo ulikuwa unaimba. Nilikuwa naangalia mikono yangu ikifunua kitabu na haikunihusu, ilikuwa kama vijiko vya mutu mwingine. Nilijaribu kuona huruma. Nilijaribu kuona haya. Nilikuwa namusikia Riziki nyuma ya ukuta anapepeta muchele na mutoto mugongoni, mutoto analia juu anatikiswa, na ndani yangu hakuna kilichosogea. Nilijiambia: labda acha. Ni muzee, amezoea. Ukimuambia utamupa nini? Na watakucheka, weye mwenye mujukuu wa bongo. Ile ya kuchekwa ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote, nisijidanganye. Siku ya ine niliamuka nikaenda, siyo juu moyo ulinituma. Miguu ilienda.

Dorika alikuwa amekaa pa kiti chake nje ya shitingi. Sikukaa.

"Dorika, ndege walinyamaza juu yangu. Haikuwa weye."

"Nini?"

Nikamuambia yote, kizimba, bawa, mara saba.

"Kubembeza tu?" akauliza.

"Kubembeza tu."

"Kila ndege?"

"Kila ndege ya wiki zangu za kizimba."

Akatoa kitu kama kicheko, lakini mudomo haukufunguka. "Mama yangu alipokufa," akasema, "dada zangu walimuosha. Mimi nilisimama nje pa mulango. Niliogopa nitamunyamazisha zaidi." Akaikaza mikono ndani ya kitenge. "Nilizala watano. Naijua uzito yao tumboni. Mukononi siijui."

"Dorika, sikujua."

"Najua hukujua. Ungejua, ungekuwa muloji. Weye ulikuwa mujinga tu." Akaniangalia sasa, mara ya kwanza tangu pa bomba. "Lakini siku ile nilikuuliza. Pa baraza. Nilikuuliza weye, siyo Profesa."

Nikageuka niende.

"Umeniambia mimi," Dorika akasema. "Si mimi niliyeitembeza ile neno. Ita Riziki. Ita na bale bamama ba ku bomba. Sema tena."

Nikaita Riziki, nikaenda pa bomba kuita wengine. Ilikuwa saa ya watu. Wakanifuata mpaka kwa Dorika na mabidoni yao, wanane ao tisa, wakafikiri kuna kilio. Nikasimama mbele yao sawa ninavyosimama mbele ya kwaya, nikasema yote toka mwanzo, na ya kikombe pia, ambayo Dorika hakuniomba. Mama mumoja, yule anayeuza mandazi, akapiga makofi: "Eeh, Koko! Kumbe mujukuu anasikiliza bongo ya ndege, na koko njo aliyezilaza!" Wakacheka. Nikaacha wacheke. Mwingine, mutu wa Nizi, kule kule Djugu, hakucheka. Alimuangalia Dorika muda murefu, kisha akasema, "Yaya, siku mutoto yangu alipokufa nilituma batu kwako." Dorika akasema, "Walifika."

Riziki alikuwa amekwisha kufungua kitenge mugongoni. Hakuuliza mutu. Alimuzungusha mutoto mbele, amelala, ngumi ndogo pa shavu, akamunyosha kwa mama mukwe wake.

Dorika alichomoa mikono toka ndani ya kitenge. Ilikuwa mikono ya kawaida, ya mulimaji, kucha zimepasuka.

"Ngoja," akasema. "Ninawe kwanza."

Wakamuletea beseni na sabuni. Alinawa mpaka pa kiwiko, akanawa tena, akajipangusa na shati safi toka pa kamba, kidole kwa kidole, na watu wote wakiwa wamesimama na maji yao. Kisha akasema bila kugeuza uso, "Albertine, weye uende. Hii si ya weye kuona."

Nikaenda. Nilipita kati ya mabidoni, nikatoka pa lango, nikashika njia ya kwangu. Nyuma yangu nikasikia mutoto ameamuka. Akaanza kulia, siyo kulia kwa njaa, kulia kwa mutoto aliyepewa mutu asiyemujua, kwa nguvu, mpaka sauti inapasuka. Hakuna aliyemunyamazisha. Nilifika pa mulango wangu, nikaingia, nikafunga, na nilikuwa ningali namusikia.